Amepata A, lakini amejifunza nini? Mwalimu anajibu barua zenu

Mitihani ya mwisho wa muhula imekwisha, alama ziko mezani kwenye mabaraza ya idara, na sanduku la safu hii limejaa barua za watu wa vyuoni. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana aliyeiandika ameuliza jambo ambalo wengi wetu tumelifanya na kulinyamazia. Kwa msiojua nilikotoka: nilifundisha isimu ya Kiswahili chuo kikuu kwa miaka 29 kabla ya kustaafu, kwa hiyo mifano yangu mingi inatoka kwenye darasa la lugha.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Nafundisha Fonolojia ya Kiswahili, yaani mfumo wa sauti zake, darasa la wanafunzi 412. Baada ya mtihani kitengo cha udhibiti ubora kilituletea fomu. Kwa kila tokeo la ujifunzaji lililoandikwa kwenye muhtasari wa kozi, tujaze limefikiwa kwa asilimia ngapi. Kozi yangu ina matokeo matano. Wenzangu wakaniambia nichukue wastani wa darasa, ambao ulikuwa 61, niuandike kwenye visanduku vyote, nipunguze mbili hapa na kuongeza tatu pale ili isionekane nimenakili. Nikafanya hivyo, mkuu wa idara akasaini. Tangu siku hiyo sina amani. Nilipaswa kufanya nini?*
— Mhadhiri Msaidizi, Tanzania Bara

Marahaba, mwanangu. Kukosa amani kwako ndiko kumenifanya nikae na barua yako siku tatu. Asante kwa kuandika.

Nianze na neno lenyewe. Kiswahili kimetuwekea mtego hapa, kwa sababu "matokeo" ndilo neno tunalolitumia pia kwa alama zinazobandikwa kwenye mbao za matangazo. Mtu akisikia "matokeo ya ujifunzaji", akili inakimbilia kwenye A, B+ na sapu, yaani mtihani wa kurudia. Fomu ile haikuulizi alama. Inakuuliza mwanafunzi anaweza kufanya nini leo ambacho hakukiweza siku ya kwanza alipoingia darasani kwako. Ili tusichanganyikiwe, mimi hapa nitasema "umahiri".

Sasa nikusimulie jambo. Nilikuwa na swali nililolipenda sana, nikalitoa karibu kila mwaka: "Eleza kwa mifano kanuni ya upatanifu wa irabu katika kauli ya kutendea." Wanafunzi walilijibu vizuri. Wanaandika kwamba mzizi wenye *a*, *i* au *u* huchukua *-i-*, na mzizi wenye *e* au *o* huchukua *-e-*. Halafu mifano: pika–pikia, fuma–fumia, soma–somea, cheka–chekea. Nilikuwa natoa alama kwa furaha.

Siku moja akaja ofisini binti mmoja wa mwaka wa pili kudai nusu alama kwenye jaribio. Alikuwa na 17 kati ya 20, na madai yake yalikuwa ya haki, nikamwongezea. Kabla hajainuka nikachukua kalamu, nikaandika pembeni ya karatasi yake: *doba*. Nikamwambia, hiki ni kitenzi nilichokibuni sasa hivi, hakina maana yoyote. Niwekee katika kauli ya kutendea. Akaitazama ile karatasi. Akaandika herufi *d*, akasimama. Nikamsikia ananong'ona "pika, pikia, soma, somea," kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba. Mwisho akaniangalia akasema, "Mwalimu, hilo hatukufundishwa."

Mtoto yule alikuwa anazungumza Kiswahili tangu kuzaliwa. Mama yake angemwambia "nidobee" angeelewa papo hapo. Kwa hiyo kanuni alikuwa nayo mdomoni, na maelezo ya kanuni alikuwa nayo kwenye daftari, lakini vitu hivyo viwili vilikuwa havijawahi kukutana. Na kazi ya kozi yangu ilikuwa kuvikutanisha! Nilipofungua kabati na kutazama karatasi za miaka iliyopita niliona mifano ileile ya ubaoni kwangu, kwa mpangilio uleule: pika, fuma, soma, cheka. Kwa miaka kadhaa nilikuwa napima kama wamenisikia.

Wanaisimu tunajua njia hii kwa muda mrefu. Mwaka 1958 Mmarekani Jean Berko aliwaonyesha watoto wadogo mchoro wa kiumbe cha kubuni, akakiita *wug*, kisha akawaonyesha viwili na kuwauliza vinaitwaje. Mtoto aliyesema *wugs*, kwa kuongeza *-s* ya wingi wa Kiingereza, hakuwa amelikariri, kwa kuwa neno halikuwepo duniani. Ana kanuni. Berko alitumia hilo kuchunguza lugha ya watoto, na mimi nilichelewa mno kuona kwamba ndicho kipimo ninachokihitaji kwa watu wazima walioko darasani kwangu.

Basi hapo ndipo pa kuanzia, dada yangu, kabla hata ya kufikiria asilimia. Chukua muhtasari wa kozi yako usome vile vipengele vitano kwa jicho kali. Kama kimoja kinasema "mwanafunzi aelewe mfumo wa sauti za Kiswahili", huwezi kukipima, kwa sababu kuelewa hakuonekani. Kiandike upya: "mwanafunzi aweze kuchanganua maumbo ambayo hajawahi kuyaona, na kutoa kanuni inayoyaeleza." Hapo unajua utamwekea nini mbele yake. Wengi tumefundishwa ngazi za Benjamin Bloom wa Chicago, zile za mwaka 1956 zinazoanzia maarifa hadi tathmini, na tunachukua vitenzi vyake kupamba mitaala. Kwenye mtaala inaandikwa "kuchanganua", na kwenye mtihani swali linasema "orodhesha". Baraza la idara linapitisha vyote viwili siku moja bila mtu kuviweka ubavu kwa ubavu.

Viweke wewe. Chora jedwali kwenye karatasi ya kawaida, maswali ya mtihani yakishuka kushoto na vile vipengele vitano vya umahiri vikienda kulia, weka alama pale swali linapogusa umahiri. Nakuhakikishia utakuta nguzo moja au mbili ziko tupu kabisa. Kipengele kimeandikwa kwenye muhtasari, kimepitishwa na Seneti, na hakuna swali hata moja lililokipima. Kwa kisanduku hicho jibu la kweli kwenye fomu lilikuwa "hakikupimwa muhula huu". Nakusihi uwe na ujasiri wa kuandika maneno hayo. Ni taarifa yenye faida kwa chuo kuliko 61 iliyopambwa.

Zile nguzo zilizojaa sasa. Usitumie wastani wa mtihani mzima, maana wastani unachanganya ugali na maharage na chai kwenye sufuria moja. Tumia swali kwa swali. Tuseme swali la 3(b) ndilo linalopima uchanganuzi wa data mpya. Hesabu wangapi wamepata nusu ya alama zake au zaidi. Unaweza kukuta mathalani kwamba swali la kutaja irabu tano wameliweza watu 390, na swali la data mpya wameliweza 80, yaani kama asilimia 19. Wastani wako utabaki palepale 61, lakini sasa unajua kwamba darasa linataja na haliwezi kuchanganua. Hicho ndicho walichokuwa wanakuuliza.

Najua utaniambia, Mwalimu, karatasi 412, na nimeshazisahihisha usiku na mchana. Huna haja ya kuzirudia zote. Chukua kila karatasi ya kumi kwa mpangilio wa namba za usajili, utapata kama 41, uzisome kwa ajili ya kazi hii tu. Mpe mwenzako wa semina karatasi zilezile 41 azisahihishe bila kuona alama zako, mkiwa na mwongozo mmoja unaosema jibu la alama 5 lina nini na la alama 2 limekosa nini. Usilidharau hili la wasahihishaji wawili. Mwaka 1912 huko Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott walisambaza karatasi ileile ya mtihani wa Kiingereza kwa walimu zaidi ya 100. Alama walizorudisha zilipishana kwa zaidi ya 30 kati ya 100. Karatasi moja! Mkipishana wewe na mwenzako, kaeni mzungumze; mara nyingi mtagundua swali lenyewe lina utata.

Kuna kipimo kingine kidogo cha kukuambia kama swali lako ni zima. Panga darasa kwa jumla ya alama, chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini. Kwako ni watu 111 kila upande. Kama swali wamelipata 90 wa juu na 40 wa chini, toa, gawanya kwa 111, unapata 0.45, swali linatenganisha vizuri. Likishuka chini ya 0.2, litilie shaka. Na ukikuta wa chini wamelipata kuliko wa juu, usiwalaumu wanafunzi, kalisome swali lako upya, au tazama kama jibu kwenye mwongozo wako ni sahihi. Mimi niliwahi kukuta mwongozo umekosea.

Lakini hata ukifanya hayo yote, bado hujajua kama wamejifunza *kwako*. Huenda walikuja nayo kutoka kidato cha sita. Ndiyo maana nakushauri muhula ujao, wiki ya kwanza, kabla hujafundisha chochote, uwape maswali 15 ya kuchagua kwa dakika 20, yasiyo na alama za kozi weki, zile zinazokusanywa kabla ya mtihani wa mwisho. Mwisho wa muhula uwape maswali ya aina ileile kwa maneno mapya. Na majibu ya uongo usiyabuni kutoka hewani, yachote kwenye makosa ya kweli ya wanafunzi wako. Nikupe moja ninalolipenda. Katika kauli ya kutendua tuna ziba–zibua, funga–fungua, na chomeka–chomoa. Muulize mwanafunzi kinyume cha kutega. Aliyekariri "e na o huenda pamoja" kutoka kauli ya kutendea atachagua *tegoa*, wakati kinywa chake mwenyewe kila siku kinasema *tegua*. Katika kutendua ni *o* peke yake inayovuta *o*, *e* haimo. Ukiona kundi kubwa limechagua *tegoa*, umeshajua hasa wamekwama wapi, na utawafundisha hapohapo.

Wanafizikia walitutangulia kwa hili. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake walichapisha jaribio la dhana ya nguvu lililojengwa hivyohivyo, majibu ya uongo yakitokana na imani za kawaida za watu. Mwaka 1998 Richard Hake wa Indiana akakusanya alama za wanafunzi 6,542 kutoka kozi 62 waliofanya majaribio ya namna hiyo kabla na baada ya kozi. Hakuangalia alama ya mwisho peke yake. Aliangalia mwanafunzi amepata sehemu gani ya kile alichokuwa hakijui. Darasa likianza na wastani wa 20 na kumaliza na 56, limepanda 36 kati ya 80 iliyokuwa imebaki, yaani 0.45. Kozi za mhadhiri kusimama na kusema tu zilipata wastani wa 0.23. Zile ambazo wanafunzi walijadiliana, wakabashiri, wakajaribu na kurekebishwa darasani zilipata 0.48. Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa nimeshasimama mbele ya wanafunzi miaka mingi nikisema tu.

Kuhusu hofu yako, maana naiona kati ya mistari: utaogopa kuandika 19 kwenye kisanduku ambapo wenzako wameandika 63. Zungumza na mkuu wako wa idara kabla hujaipeleka, umwekee jedwali na zile karatasi 41 mezani. Fomu hizi hazikuanzishwa ili kuaibisha watu. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inadai kila mtaala uonyeshe matokeo ya ujifunzaji, Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki pale Kampala linataka hivyo pia, na tangu wakuu wa nchi walipotangaza mwaka 2017 kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu, lengo ni kwamba chuo cha Kigali au cha Nairobi kiweze kuamini cheti chako. Watakiaminije kama kila kisanduku nchi nzima ni wastani uliopakwa rangi?

Na ukishaandika 19, andika pembeni utabadilisha nini. Kwa mfano: "Wiki ya 6 na ya 7 zitakuwa za data tupu, mhadhara nusu saa, kazi ya wawiliwawili saa moja na nusu, na nusu karatasi ya jibu inakusanywa mlangoni." Zile nusu karatasi zisome 40 tu kila wiki. Utalala usingizi.

*Mwalimu, shikamoo. Nasoma mwaka wa pili, ualimu. Kazi za makundi tunapangwa watu 15. Anaandika mmoja au wawili, sisi wengine tunachangia hela ya stishenari na majina yetu yanawekwa. Kozi weki yangu ni 33 kati ya 40 na sijui kitu. Mwisho wa muhula tunajaza fomu ya kumtathmini mhadhiri, na mimi nimempa 5 kila mahali kwa sababu anafundisha vizuri na anachekesha. Je, kile kinachopimwa ni kujifunza kwangu au nini? Na nifanyeje kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa chuo?*
— Wa Mwaka wa Pili

Marahaba, mwanangu. Ile fomu inapima jinsi ulivyojisikia darasani. Ni jambo la maana, mhadhiri anayetukana wanafunzi au asiyefika darasani lazima ajulikane, na fomu ndiyo mlango wenu. Ila haipimi umejifunza nini. Mwaka 2017 Bob Uttl na wenzake walizipitia upya tafiti zilizolinganisha alama ambazo wahadhiri hupewa na wanafunzi na kile ambacho wanafunzi hao walijifunza, wakakuta uhusiano wake ni kama haupo. Miaka miwili baadaye pale Harvard, darasa la fizikia liligawanywa, wengine wakasikiliza mhadhara mtamu, wengine wakahangaika na maswali wao kwa wao. Waliohangaika walijifunza zaidi, lakini walipoulizwa walisema wanahisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao. Kuhangaika kunachosha, na mtu aliyechoka hudhani hajapata kitu.

Hilo la hela ya stishenari limeniuma. Una wenzako 14 kwenye kundi, na nina hakika zaidi ya nusu yao wana wasiwasi kama wako na hakuna anayesema. Wewe utakuwa mwalimu. Miaka miwili ijayo utasimama mbele ya watoto 70 wa kidato cha kwanza, na hakuna stishenari itakayokuchapia kichwani kile usichokijua.

Fanya hivi jioni ya leo. Funga madesa, yale maandishi ya mhadhara. Chukua karatasi tupu, andika kila unachokikumbuka kuhusu mada ya kwanza bila kuchungulia. Halafu fungua, kwa kalamu ya rangi nyingine jaza ulivyosahau. Rudia baada ya siku tatu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walijaribu hili kwa wanafunzi wa chuo kule St. Louis. Waliosoma makala mara mbili waliwashinda wenzao walipopimwa baada ya dakika tano, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliosoma mara moja kisha wakajipima kwa kuandika walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Wewe UE yako haiko baada ya dakika tano.

Kisha mwende wawili au watatu, bila hasira, mkamwombe mhadhiri wenu kitu kimoja: siku ya kuwasilisha, achague jina lolote kwenye kundi na huyo ndiye aeleze kazi yote kwa dakika tano, alama ziwe za kundi zima. Hakuna gharama yoyote kwake. Nililitumia hilo miaka minane, na kuanzia mara ya pili makundi yalikuwa yanakutana kweli chini ya miembe.

*Heshima kwako Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne. Binti yangu amemaliza chuo na GPA, wastani wa alama zake zote, ya 4.1. Ameitwa kwenye usaili mara tatu na mara zote anaambiwa ampishe mwenye uzoefu. Kwenye usaili wa mwisho walimpa kompyuta atengeneze hesabu za duka dogo, akashindwa, amerudi analia. Nimeuza ng'ombe kumsomesha. Hiyo 4.1 ni ya nini?*
— Mama, Mwanza

Mama yangu, pole sana. Na umfikishie binti pole zangu.

Hiyo 4.1 si ya bure. Katika mfumo wetu wa 5.0 ni daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5 na kuishia 4.3. Maana yake ni kwamba kwa miaka mitatu au minne alifika, alisoma, alijibu mitihani ya masomo mengi bila kuyumba. Wako vijana wengi wenye akili walioshindwa hapo. Lakini GPA ni jumla ya jumla. Kila kozi imeshachanganya majaribio, kazi za makundi na mtihani, halafu kozi zote zimechanganywa tena. Mwajiri akiitazama haoni kama huyu mtu anaweza kufunga hesabu za duka mwisho wa mwezi. Ndiyo maana akamwekea kompyuta mbele. Yule mwajiri, kwa uchungu wote uliompata binti, alifanya kile ambacho chuo kilipaswa kukifanya mapema, wakati kushindwa hakumgharimu mtu kazi.

Sehemu iliyotakiwa kumwandaa ni fildi, mafunzo ya vitendo kazini. Muulize kwa upole ilikuwaje. Nimesimamia fildi miaka mingi, na nimefungua daftari za kumbukumbu nyingi ambamo wiki nane zote zimejazwa kwa wino mmoja, mwandiko mmoja, na sahihi za msimamizi zimeshuka kwa mstari ulionyooka kama zimepigwa dakika ileile. Mwanafunzi alikuwa anatumwa chai na kufotokopi. Analaumiwa yeye, wakati sisi tuliokwenda kumtembelea tulikaa robo saa, tukasaini, tukaondoka.

Sasa ushauri. Pale mtaani kwenu yuko mwenye duka la vifaa vya ujenzi, la dawa, au saluni. Binti amwombe amwekee hesabu za miezi mitatu, bure, kwa kompyuta ya kuazima ikibidi. Mwezi wa kwanza atakosea, na mwenye duka atamwambia amekosea wapi kwa sababu ni hela yake. Mwezi wa tatu atakuwa na kitabu halisi cha hesabu, majina ya wateja yakiwa yamefichwa, cha kuweka mezani kwenye usaili ujao karibu na ile 4.1. Na aniandikie akifika huko, ningependa kujua.

*Hujambo Mwalimu? Nafundisha fasihi katika chuo kikuu magharibi mwa Kenya. Kwetu kati, yaani majaribio na kazi za katikati ya muhula, ni alama 30 na mtihani 70. Tangu ChatGPT ije mwisho wa 2022, insha za kati zinafanana kama mapacha, Kiswahili sanifu, hakuna kosa, hakuna mtu ndani. Nina wanafunzi 48. Nimechoka kuwa polisi. Nipimeje?*
— Mhadhiri, Magharibi mwa Kenya

Sijambo, ndugu yangu. Hiyo "hakuna mtu ndani" umeisema sawasawa, nimeisoma mara mbili.

Acha upolisi, hautakufikisha. Watu 48 ni neema. Yule dada wa barua ya kwanza ana 412. Wape insha kama kawaida, waandike wapendavyo, kisha mwite mmoja mmoja kwa dakika 6. Watu 48 mara dakika 6 ni dakika 288, karibu saa tano. Zigawe siku mbili asubuhi. Ulikuwa unatumia zaidi ya hizo kusahihisha na kukasirika.

Kwenye dakika sita usimuulize kama ameandika mwenyewe. Fungua insha yake kwenye aya ya tatu, umsomee sentensi moja, useme, "Hapa unasema mhusika huyu anasaliti jamii yake. Nionyeshe ni ukurasa gani ulianza kumshuku." Kitabu kiwe mezani. Aliyekisoma atakichukua na kuanza kufungua kurasa, hata kama ataukosa ukurasa wenyewe, atakuambia "ni pale wanaporudi kutoka mazishini". Ambaye hakusoma atakitazama kitabu bila kukigusa. Kati ya zile 30, weka 10 kwa insha na 20 kwa mazungumzo, na uwatangazie wiki ya kwanza ili pasiwe na mtu aliyeviziwa.

Mwombe mwenzako mmoja aketi kwenye mazungumzo kumi ya kwanza na atoe alama zake peke yake, mlinganishe wakati wa chai. Wako watakaotetemeka na kukosa maneno hali wamesoma. Hao wape karatasi na dakika nyingine sita waandike jibu la swali lilelile palepale. Usiwapange kwa alfabeti, maana mwenye jina linaloanzia na A ataingia akiwa hajui linaloulizwa na mwenye W atakuwa amekwisha kusimuliwa yote nje ya mlango. Andaa sentensi tofauti kwa kila insha usiku uliotangulia, uzipigie mstari kwa penseli.